Kabla ya Tangazo la Tatu

Tarehe 16 Agosti 2008, siku ya Jumamosi, Simone Mujinga aliolewa na Georges Kyungu katika parokia moja ya Kikula, mjini Likasi. Majina yao yamo katika daftari la ndoa. Siku hizo hakuna aliyewauliza wachumba habari za damu yao. Waliulizwa kama wamebatizwa, kama wanaoana kwa hiari, kama wazee wa pande zote mbili wamekubaliana. Mwaka uliofuata akazaliwa Kabedi. Alipofikisha miezi minane, mikono na miguu yake ikavimba, akawa halali wala hanyonyi, na hapo ndipo wazazi walipojua kwamba wote wawili wanabeba mbegu ya ugonjwa ambao watu wa Likasi huuita kwa herufi mbili tu: SS.

Anayebeba mbegu moja haumwi. Anaweza kuzeeka na kuzikwa bila kujua. Lakini wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto ambaye chembe zake za damu hujikunja kama mundu, zikakwama katika mishipa, zikamtesa kwa maumivu ambayo mtu mzima hupigia kelele.

Simone alikuwa tayari fundi wa maabara katika zahanati ndogo ya parokia. Ni yeye aliyemwendea paroko wa wakati ule na kumng'ang'ania mpaka akakubali kwamba kila mchumba apimwe kabla ya matangazo ya ndoa, yale yanayosomwa kanisani Jumapili tatu mfululizo. Kanuni pia aliiandika yeye: kila mmoja hupewa jibu lake ndani ya bahasha iliyofungwa, na padri hupewa karatasi isemayo tu kwamba fulani na fulani wamepimwa. Katika mafundisho ya wachumba aliirudia kila Jumamosi, kwa Kiswahili cha Likasi. "Damu yako iko yako. Hata abbé hataiona. Ni weye njo utamwambia mwenzako."

Kosa lake, ambalo mgeni angeliona upesi na mtu wa Kikula asingeliona kabisa, lilikuwa kukubali kuwa marraine wa wachumba wawili, Jenny na Carlos. Marraine ni mama wa ndoa. Yeye na mumewe huwaongoza wachumba, husimama nao altareni, hutia sahihi, kisha huitwa kwa miaka yote inayofuata, hata ugomvi ukiwa wa chumvi kuzidi mchuzini. Kukataa heshima hiyo ni kumtukana anayekuomba. Jenny, mwalimu wa shule ya msingi na mwimbaji wa kwaya, alimwomba mwezi wa tano. Simone akakubali, na mwezi wa nane, wachumba wake walipokuja zahanati kutoa damu, hakuona sababu ya kuwapeleka kwa mwingine. Mwingine hakuwepo.

Jumapili ya tangazo la kwanza Jenny alimvizia nje ya kanisa, bado amevaa sare ya kwaya.

"Marraine! Unataka nilie ao nicheke?"

"Anza na kucheka, mwanangu. Kulia kunakuyaka kwenyewe."

"Minye niko positif. Nilifungua ile bahasha, nikasoma. Nikamuuliza Carlos, na weye? Akasema, minye négatif, tuko sawa. Nikacheka mpaka mama akakuya kuangalia kama niko na wazimu. Mungu iko, marraine!"

"Mungu iko," Simone akajibu, maana hilo ndilo neno lililokuwa karibu na ulimi.

Kwa mkono wake mwenyewe, siku tano kabla, alikuwa ameandika positif, yaani anabeba mbegu, katika karatasi zote mbili. Alikuwa akingoja wachumba hao waje nyumbani wawili, nyuso zimeanguka, ili yeye na Georges wawaeleze waliyopitia. Hakungoja jambo hili.

Jumatatu alifungua daftari la maabara kabla hata ya kuvua shali. Jenny, positif. Carlos, positif. Mwandiko ulikuwa wake na wino ulikuwa wake. Vile vioo vidogo vya kupimia vilikuwa vimeshaoshwa na kutumika tena, kama ilivyo desturi ya zahanati yenye vioo arobaini. Akafunga daftari. Mchana alikwenda mahali ambapo madereva wa malori ya mgodi wa Kakanda, Carlos miongoni mwao, husubiri mizigo.

Carlos alikuwa amelala chini ya lori, miguu nje. Alipoitwa akajivuta, akacheka, akapangusa mikono kwenye suruali kabla ya kumsalimu.

"Marraine! Unakuya kupima na kamiyo? Iko na damu mubaya, ninakuonya."

"Carlos. Ile bahasha nilikupa, ulisoma?"

"Nilisoma."

"Iliandikwa nini?"

"Weye njo uliandika."

"Jenny ameniambia kintu ingine."

Kicheko kikaisha. Carlos akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Jenny aliniuliza kama niko muzima. Minye niko mugonjwa? Niangalie."

"Hakukuuliza vile. Anasema ulimwambia négatif."

"Marraine, siri ya kazi. Njo weye ulitufundisha. Damu yangu iko yangu."

"Na minye nilifundisha ya kwamba utamwambia mwenzako."

"Mama yangu alizaa saba. Hata mumoja hakulia mifupa. Na ile microscope yenu, unayua ilikuya na nani? Iliacha kuona mbele ya minye kuzaliwa." Kisha akasema neno lingine, taratibu, bila ukali, na ndilo lililomrudisha Simone nyumbani amesahau shali yake kwenye bampa ya lori. "Marraine, Kabedi wenu iko wa kwanza katika darasa. Anacheka kushinda batoto ya batu wote. Unataka kumwambia Jenny nini? Ya kwamba Kabedi hangezaliwa?"

Simone hakuwa mtu wa kushindwa kwa maneno. Lakini neno hilo aliligeuza siku mbili asipate pa kulishika. Aliamini, na bado anaamini, kwamba hakuna uhai uliokosewa. Aliyafundisha hayo kwa wachumba bila kutetereka. Aliamini vilevile kwamba ndoa haisimami juu ya uongo, na kwamba siri ya mgonjwa si mali ya fundi wa maabara. Mambo matatu hayo yalikuwa yamekaa pamoja katika kichwa chake miaka mingi bila kugombana. Sasa kila alipoanza kwa moja, lile la pili lilimfungia mlango.

Jumatano, baada ya misa ya asubuhi, alimfuata abbé Symphorien, padri wa parokia, ofisini.

"Abbé, muntu anayua kintu juu ya wachumba..."

"Ngoja, Mama Kabedi." Abbé akafunga daftari lililokuwa mbele yake, akaweka kalamu juu, kana kwamba lingeweza kusikia. "Ukiniambia katika kitubio, sitaweza kufanya kintu. Ukiniambia hapa, nitapashwa kufanya kintu. Kwa hiyo fikiri vizuri unaketi wapi."

Simone akabaki amesimama. "Basi ninauliza bila majina. Ugonjwa wa damu ni kizuizi cha ndoa?"

"Hapana. Kanisa haimukataze muntu kuoa ju ya damu yake."

"Na uongo?"

Abbé akaichukua tena kalamu yake. "Mumoja akidanganya mwenzake ju ya kintu kikubwa, kintu chenye kinaweza kuvunja maisha yao, ili akubaliwe, ile ndoa inaweza kuwa si ndoa. Hata kama niliibariki minye."

"Basi mwenye kuyua anapashwa kusema."

"Kama ni kizuizi, anapashwa."

"Na kama alikiyua kwa siri ya kazi?"

"Anapashwa kunyamaza."

"Abbé, umenipa mbili."

"Nimekupa zenye niko nazo," abbé akasema, na kwa sura yake ilionekana kwamba ameshajua ni wachumba gani, na kwamba angefurahi kutojua.

Jumapili ya pili Simone alikaa mahali pake, safu ya nne, Georges kushoto, Kabedi kulia. Abbé akasoma majina. Kisha akasoma yale ambayo Simone aliyasikia miaka yote kama mtu anavyosikia mvua kwenye bati: anayejua kizuizi chochote anapaswa katika dhamiri kukisema. Abbé hakuinua macho kutoka kwenye karatasi.

Ndipo alipokumbuka mtoto wa degedege.

Siku ile ya kupima, umeme haukuwepo, akawa anasoma kwa mwanga wa dirisha. Vioo viwili vilikuwa kwenye sinia, damu imetiwa dawa ambayo hukunja hata chembe za anayebeba mbegu tu. Alisoma cha kwanza: mundu, wazi kabisa. Akaandika. Hapo Mwanvua, muuguzi wa zahanati, alimwita mlangoni kwa sauti ya kukimbiza, kwa sababu kulikuwa na mtoto mwenye degedege wa kupimwa malaria. Simone alitoka, akarudi baada ya robo saa, akaketi, akasoma kioo. Mundu. Akaandika. Je, alikuwa ameshakitoa kile cha kwanza chini ya lenzi? Alijaribu kuiona mikono yake ikifanya kazi hiyo. Mara aliiona, mara hakuiona. Huenda alikisoma kioo kimoja mara mbili. Na kama ni kimoja, kilikuwa cha nani?

Furaha iliyomjia ilimtia hofu. Je, kosa hilo lilitokea kweli, au kichwa chake kilikuwa kimetafuta tundu la kupitia na kulichonga mahali ambapo halikuwepo? Mtu akitamani sana kuwa na mashaka, atayapata.

Mchana, Kabedi alimkamata akimtazama.

"Mama, unaniangalia sawa muntu mwenye kununua mbuzi. Macho yangu iko njano?"

"Hapana. Iko meupe."

"Basi ninywe maji, nimesikia, usiseme." Akanywa kikombe kizima akimkazia macho mama yake, kama anayetimiza hukumu. Kabedi anataka kuwa wakili, kwa sababu, asema yeye, mtu asiyeweza kukimbia lazima ajue kusema. Mwezi wa sita alikuwa amelazwa siku tisa, akipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Simone alimtazama akirudisha kikombe mezani. Kama angekwenda kwa Jenny kumwambia jihadhari, angekuwa anamwambia ajihadhari na nani? Yule pale, amevaa kandambili za baba yake.

Kabedi alipotoka, Simone akamweleza Georges yote. Georges hutengeneza mota za umeme katika karakana, na hujibu maneno kama anayepima waya.

"Shiye tulioana bila kuyua," akasema.

"Lakini hatukudanganyana."

"Hapana. Haiko sawa."

"Na tungeliyua?"

Georges akasukuma kikombe cha Kabedi pembeni. "Miaka kumi na sita ninaiacha ile mambo mulangoni. Usiniingizie leo." Kisha akaongeza, "Carlos alifanya vibaya, sawa. Lakini haiko kazi yako kumvua nguo mbele ya batu. Na Jenny pia usimwache aende vile. Ninasema nini? Sijue. Fanya kazi yako ya maabara."

Kazi ya maabara ilikuwa na kanuni moja kwa hali kama hii: jibu lenye mashaka hurudiwa. Alhamisi Simone aliandika karatasi mbili zenye maneno yaleyale, akampelekea Carlos yake, na ya Jenny akaipeleka mwenyewe shuleni. Ilisema warudi wote wawili Jumamosi saa mbili asubuhi.

"Kuna nini?" Jenny akauliza, chaki mkononi.

"Niko na mashaka na nilivyosoma."

"Mashaka ju ya damu ya nani?"

"Ya wote wawili. Sijue kama nilisoma ya nani."

Hilo lilikuwa kweli kabisa. Hata hivyo, akirudi kwa miguu kuelekea soko la Kikula, alijiuliza kama ukweli uliotumiwa kama ndoano bado ni ukweli, na akaipita nyumba yake na nyingine tatu kabla ya kugeuka.

Jumamosi walikuja. Carlos alikuwa amenyoa, amevaa shati la Jumapili. Mwanvua ndiye aliyewatoa damu, naye hakujua lolote.

"Angalia huyu! Anabeba tani makumi tatu ya mawe, anafunga macho ju ya sindano. Jenny, utazaa naye nini, kuku?"

Simone alimpa kila mmoja kioo aandike jina lake kwa mkono wake. Akaweka tone la damu na dawa, akafunika, akaziba kingo. "Tunangoja masaa mbili," akasema. "Hii inataka muda."

Hawakumaliza nusu saa. Carlos aliinuka kwenye benchi, akakaa, akainuka tena. "Jenny, tuende inje."

Kupitia dirishani Simone aliwaona karibu na tangi la maji. Carlos alisema, akitazama viatu vyake. Jenny alisikiliza akiwa ameshika mkono wake pale alipochomwa, kisha akaachia mkono, na kipande cha pamba kikaanguka. Aliporudi ndani alikuwa peke yake.

"Alisoma positif, akachoma karatasi," akasema. "Ulijua, marraine?"

"Nilijua nilivyoandika."

"Toka lini?"

"Toka mbele ya tangazo la kwanza."

"Na ukaniacha niketi kwenye kwaya, ninaimba, majina yetu inasomwa mara mbili."

"Ilikuwa siri yake, Jenny. Ninafunga siri ya kila muntu."

"Na yangu njo nani anaifunga?"

Jenny aliketi kwenye kiti cha wagonjwa. Akauliza, kwa sauti ya mwalimu anayetaka kweli kujua, "Marraine, kama ungeliyua, ungemukataa Papa Kabedi?"

Swali hilo Simone alikuwa amelikimbia tangu mwaka 2010. Alifungua kinywa akijua kwamba lolote atakalosema litakuwa limemsema Kabedi. "Sijue," akasema. "Ninampenda Kabedi kushinda macho yangu. Na mwezi wa sita, siku ya saba ya kulazwa kwake, nilimwomba Mungu amuchukue. Yote mbili ni minye. Sijue, mwanangu."

Jenny akatikisa kichwa taratibu. Hakuonekana kufarijika wala kukasirika.

Masaa mawili yalipotimia Simone akavuta kiti. Kioo cha Jenny: mundu, kila mahali. Akaandika. Akakitoa, akakiweka mbali, upande mwingine wa meza, akahakikisha kwa kidole kwamba chini ya lenzi ni patupu. Kioo cha Carlos: chembe za mviringo. Akasogeza. Mviringo. Akazunguka kioo chote kutoka ukingo hadi ukingo. Akamwita Mwanvua, bila kumwambia neno, atazame.

"Haina kintu," Mwanvua akasema. "Iko mviringo yote."

Simone alimwita Carlos aingie, akawaambia wote wawili akiwa amesimama. Kosa lilikuwa lake. Siku ile ya kwanza alisoma kioo cha Jenny mara mbili. Kwa kipimo hiki Carlos habebi mbegu, ingawa kipimo hiki kinaweza kukosea, na cha uhakika kiko Lubumbashi.

Carlos alimtazama kama aliyesomewa hukumu ya mtu mwingine. Kisha akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeokoka ajalini. "Basi sikudanganya! Jenny, unasikia? Nilisema négatif, na niko négatif!"

"Ulidanganya, Carlos," Jenny akasema. "Hukuyua. Ulisoma positif ukaniambia négatif. Ni bahati njo imesema kweli, haiko weye."

"Lakini batoto watakuwa bazima!"

"Ndiyo." Akaokota mkoba wake. "Ndiyo, watakuwa bazima." Alilisema kama mtu aliyeletewa kitu alichokiomba kwa muda mrefu na asijue akiweke wapi.

Walipoondoka, kila mmoja njia yake, Simone aliandika kosa lake katika daftari kwa wino mwekundu, na jina lake kamili chini yake. Kisha akarudi nyuma kurasa saba, akaorodhesha wote aliowasoma siku zisizo na umeme. Walikuwa kumi na tisa. Mwanvua aliyekuwa akimtazama akamwambia aende kula kwanza. Hakwenda. Alikuwa akiwaza kwamba kama angenyamaza tu, kama kanuni yake ilivyosema, wale wawili wangeoana, wangezaa watoto wazima, na uongo wa Carlos usingejulikana kamwe. Hakuweza kuamua kama hilo lingekuwa wema.

Jioni Jenny alimwomba abbé Symphorien asisome majina yao kesho yake. Abbé hakuuliza sababu. Jumapili alisoma matangazo ya wachumba wengine wawili, na Simone, katika safu ya nne, akasikiliza mpaka mwisho.

Jenny hajasema kama ataolewa. Carlos hufika kwao kila jioni, hukaa sebuleni na mama yake Jenny, hupewa chai, huondoka. Jumanne ijayo wachumba hao watapanda basi kwenda Lubumbashi kwa kipimo cha uhakika, na Simone atakwenda nao, kwa sababu Jenny amemwomba. Jumatano yake, saa mbili asubuhi, ataanza kuwaita wale kumi na tisa waje kupimwa upya.